Keki Isiyo na Ngano Hata Chembe

Jumatatu, 4 Machi

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nikamuuliza umechoka kiasi gani. Akaanza kupanga karatasi mezani. Nimekagua shule kwa miaka thelathini na moja, namjua mtu anayepanga karatasi: ana jibu baya.

Kwa hiyo nimeamua kufa nikiwa msafi, na daftari hili ndilo litakalonisafisha. Niandike bila kuzunguka. Keki ya chokoleti na machungwa, ile isiyo na ngano, ambayo ukoo mzima umeila kwa miaka sita na kunipigia makofi, sijaioka mimi. Hata moja. Huioka mshonaji wa nyumba ya jirani. Kazi yangu ni kuihamishia kwenye sahani yangu.

Ilianza kwa nia njema. Mjukuu wangu alipokuwa anatimiza miaka sita, ikagundulika kwamba tumbo lake halipatani na ngano. Mkate, biskuti, keki, vyote vikawa adui. Alilia mbele ya watu, nami mbele ya watu hao hao nikatamka kwamba babu yake atamwokea keki yake peke yake. Ulimi uliahidi bila kuishauri mikono. Nikakimbilia kwa mshonaji. Akaoka. Tangu hapo yeye huoka, nami humwandikia barua za ukali kwa wateja wanaoacha nguo zao mwaka mzima. Kwa barua za ukali sina mpinzani.

Wiki iliyopita akagoma. Habari za moyo wangu zilikuwa zimemfikia. Alisimama upande wake wa ukuta, pini tatu mdomoni, akaniuliza: "Mwalimu, kwa hiyo unakwenda mbele ya Mungu na keki yangu?" Nichague: niseme ukweli au nioke mwenyewe.

Nimechagua kuoka. Ukweli unaweza kusubiri. Kuoka hakuna ugumu kama wa kukiri.

Jioni binti yangu akapiga simu. Mtoto anatimiza miaka kumi na miwili Jumapili, na safari hii hataki kuandaliwa keki. Anakuja Jumamosi nimfundishe, hatua kwa hatua. Mtoto akamnyang'anya mama yake simu. Nyumbani tunamwita Hakimu, maana hukumu zake hazina rufaa. Akasema: "Babu, tuseme ukweli, hutakuwepo siku zote. Ukishaondoka nani atanipikia? Nifundishe sasa."

Nimekubali. Nina siku tano. Ni walimu wangapi niliowaandikia kwa wino mwekundu, "Hakujiandaa"?

Jumanne, 5 Machi

Mbinu ya kwanza: kumchota mshonaji siri bila yeye kujua.

Nilikwenda kwake kwa kisingizio cha barua. Nikamuuliza, kama mtu anayepitisha muda, kama machungwa ya keki humenywa kwanza. Akaacha kukanyaga cherehani. Akasema machungwa huchemshwa mazima, na maganda yake, saa mbili. Kisha akasema hilo amelitoa bure, mengine ni baada ya kutubu.

Nikarudi nyumbani nikabandika machungwa matatu. Nikakaa kitini kuyalinda. Mzee wa miaka sabini na tisa akilinda sufuria, sufuria ndiyo inayomlinda yeye. Niliamshwa na harufu. Maji yalikuwa yamekwisha, machungwa yamekuwa makaa, na sufuria ya marehemu mke wangu imevaa koti jeusi ndani.

Wakati huo huo hodi. Shemeji.

Shemeji ni mdogo wa marehemu mke wangu. Alikuwa mfamasia miaka arobaini. Kila Jumanne huja kunipangia vidonge kwenye kisanduku chenye vyumba saba, akihesabu kwa ncha ya kisu cha siagi, hakosei hata kimoja. Ungefikiri ni mtu wa kuaminika. Lakini mwaka juzi, kwenye sikukuu ya kuzaliwa ya Hakimu, alileta supu ya maboga, na mtoto akalala kitandani siku tatu akijikunja. Supu huongezwa uzito kwa unga wa ngano, kila mtu anajua. Yeye aliapa alitumia viazi. Tangu siku hiyo, kwenye meza yetu anaruhusiwa kuleta maji ya chupa tu, na kizibo kiwe hakijafunguliwa. Uamuzi wa binti yangu. Mimi sikuupinga.

Akanusa hewa. Nikamwambia najifukiza, nina kikohozi. Akafunua sufuria, akachungulia. Akasema katika miaka yake yote hajaona dawa ya kikohozi inayogandia chini hivi.

Jumatano, 6 Machi

Mbinu ya pili: ukaguzi wa kushtukiza.

Dirisha la chumba cha nyuma cha mshonaji linatazama ukuta wetu. Saa nne nikapanda kiti, daftari mkononi. Nikamwona mezani. Bakuli kubwa. Unga mweupe, si wa ngano, niliuona kwa ulaini wake. Vijiko vinne. Maji baridi, akakoroga. Kisha maji yanayochemka, kidogo kidogo, akikoroga bila kupumzika, mpaka ule weupe ukawa kama kioo. Niliandika kila kitu. Nikaupa ukurasa ule kichwa cha habari: "Msingi wa Keki." Alipogeuka nikainama. Upara wangu ulichelewa kuinama.

Nikaagiza dukani wanga wa mahindi na kakao. Nikafuata hatua zote. Nikaongeza kakao, sukari na maji ya machungwa mawili. Nikatia kwenye oveni saa moja na nusu.

Kilichotoka kilikuwa cheusi, bapa, na kinang'aa. Nikakigonga kwa kijiko, kikaitika. Nikajaribu kukikata. Kisu kikapinda kidogo. Nikakipa alama kumi na moja kwa mia, kumi kati ya hizo kwa usafi wa kazi.

Alasiri mshonaji akaniita ukutani. Akaniuliza kama shingo yangu imepona baada ya kuchungulia. Akasema ananihurumia, ndiyo maana ananiambia: asubuhi alikuwa anapika wanga wa kukazia kola za mashati. Mashati arobaini ya kwaya.

Nimeoka kola.

Alhamisi, 7 Machi

Mwili umegoma kama mshonaji. Nimeshinda kitandani. Pumzi fupi, miguu imevimba. Binti yangu akampigia shemeji simu, naye akafika kabla simu haijapoa.

Alinipa dawa, akanipandisha mito, akaenda jikoni. Nikasikia akisugua sufuria. Alisugua saa nzima. Kisha kukawa kimya, kisha nikasikia ngo, ngo, ngo. Alikuwa ameipata keki.

Akaja nayo mlangoni, akaiegemeza kifuani kama ngao. Akauliza kwa upole kama hii nayo ni ya kikohozi. Nikasema ni ya majaribio. Akasema ameona, na kwamba waliojaribiwa ni meno.

Kisha akakaa kwenye ncha ya kitanda. Akasema anajua Hakimu anakuja Jumamosi. Kupima vitu ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Kama nitaruhusu, atakuja na mizani yake, apime tu. Hatashika chakula, atashika mizani. Alizungumza akitazama viganja vyake.

Nikamwambia jiko ni dogo.

Akatikisa kichwa. Akasema: "Shemeji, ile supu ilikuwa ya viazi." Huu ni mwaka wa tatu anasema sentensi hiyo hiyo, kama mwanafunzi aliyekariri jibu moja.

Nikamwambia yaliyopita si ndwele. Nililisema kwa sauti ya mtu anayesamehe. Likatoka vizuri sana.

Ijumaa, 8 Machi

Nafuu. Nimekaa mezani na kufanya lile nililopaswa kufanya tangu Jumatatu: andalio la somo.

Mbinu ya tatu ni ya kitaalamu. Katika kazi yangu niliwahi kukutana na mwalimu mmoja wa hesabu asiyejua hesabu. Wanafunzi wake walifaulu wote. Siri yake: hakufundisha, aliuliza. "Wewe unaonaje? Kwa nini? Endelea." Nilimpa alama za juu kabla sijang'amua. Jumamosi nitakuwa mwalimu huyo. Sitagusa kitu. Nitaketi na kuuliza.

Dukani nimeagiza mayai, sukari, kakao, chokoleti nyeusi na siagi. Nikasahau lozi. Nikakumbuka kwamba sijui kama lozi zinahitajika.

Saa kumi mkono wa mshonaji ukatokeza juu ya ukuta na mfuko. Lozi za kusaga, safi, zimefungwa mara mbili. Nikamshukuru, nikamwambia najua amelainika moyo. Akasema: "Usijidanganye, Mwalimu. Hizi ni za mtoto." Akauliza kama nitasema Jumapili. Nikasema nitasema. Akauliza nitasema nini. Swali la ajabu. Nikamwambia nitasema yote.

Nimekusudia kweli. Nitaoka Jumamosi, nitatubu Jumapili. Mtu anayetubu akiwa na keki mkononi husikilizwa vizuri zaidi.

Jumamosi, 9 Machi

Hakimu alifika saa tatu. Kabla ya shikamoo kukamilika alikuwa ameshafungua makabati yangu yote. Alikuja na aproni yake, sponji yake mpya, na kopo lenye machungwa mawili yaliyokwisha kuchemshwa. Nikashangaa bahati yangu. Nikamuuliza, kwa sauti ya darasani, kwa nini ameyachemsha mazima. Akanitazama kidogo. Akasema kwa sababu ganda ndilo lenye harufu, babu, kama unavyojua.

Nikasema vizuri. Endelea.

Alisugua meza, bakuli, mwiko, kila kitu, hata vilivyokuwa safi. Aliyapasua machungwa akatoa mbegu moja moja, akasema moja ikibaki keki nzima itakuwa chungu. Nikauliza: wewe unaonaje, tuyafanyeje sasa? Akayatia kwenye blenda na maganda yake. Mayai sita. Sukari. Lozi. Kakao. Chokoleti aliiyeyusha juu ya mvuke, bakuli juu ya sufuria, akaniambia nikoroge. Nilikoroga. Akaniambia upande mwingine. Nilikoroga upande mwingine. Somo lilikuwa linakwenda kuliko nilivyotarajia, na nilianza kuamini kwamba ninafundisha.

Hapo nikataka kuchangia kitu changu. Katika kitabu cha zamani cha mke wangu kuna picha: chombo cha kuokea hupakwa siagi, kisha hunyunyiziwa unga ili keki isigande. Hilo nalijua. Nikapaka siagi. Nikafungua kopo langu la rafu ya juu, nikachota kijiko, nikachukua kichujio cha chai. Mkono haukutetemeka hata kidogo, kana kwamba unaijua kazi.

Hakimu akanishika kiwiko. Hakupiga kelele. Akauliza: "Babu, huo ni unga gani?"

Nikasema wa kawaida, wa ngano. Kidogo tu, vumbi.

Akanivua kichujio vidoleni kama mtu anayemnyang'anya mtoto wembe. Akaenda kukitupa, akarudi, akaosha mikono yake na yangu. Kisha akanieleza polepole, kama ninavyowaeleza wagumu wa kuelewa. Hakuna kidogo. Vumbi linatosha. Punje za kichujio cha chai zinatosha kumlaza siku tatu. Akasema kama mwaka juzi, kwa ile supu ya Babu Dawa. Ndivyo anavyomwita shemeji.

Nilikaa chini. Akaogopa, akaniuliza kama ni moyo. Nikasema ni moyo.

Akaniletea maji, akakaa karibu nami, na hapo akanihurumia kwa namna yake. Akaniambia nisijichoshe, anajua. Mshonaji alimfundisha keki hii likizo ya mwaka jana, wakati mimi nimelala mchana. Ameshaioka mara nne. Nikamuuliza kwa nini basi ameniomba nimfundishe. Akasema alitaka tuoke pamoja angalau mara moja. Pia alitaka kuona nitafika wapi. "Umefika mbali, babu," akasema. "Nilidhani utakwama kwenye machungwa."

Keki ilitoka saa saba. Nyeusi, laini, imeinuka sawasawa, na harufu ya ganda la chungwa ilijaza nyumba mpaka kwa mshonaji. Nikampa alama tisini na nane. Akaniuliza mbili zimekwenda wapi. Nikamwambia mkaguzi hatoi mia.

Alipoondoka nilibaki nikitazama mahali kichujio kilipokuwa kikining'inia. Kuna hesabu moja nimeifanya. Nitaisema kesho, mbele ya wote. Mambo mawili: dogo kwanza, halafu kubwa.

Jumapili, 10 Machi

Walikuja tisa. Mshonaji nilimwalika mwenyewe, akaja amevaa gauni la kijani na macho ya shahidi. Shemeji alifika wa mwisho, na chupa yake ya maji. Akaiweka mbele ya binti yangu kwanza, aone kizibo. Binti yangu akakikagua. Shemeji akasubiri amesimama. Ndipo akakaa.

Wakaimba, keki ikakatwa. Nikasimama, nikagonga glasi.

Nikaanza na dogo. Nikasema mimi si mwokaji. Nikasema keki zote sita alizioka jirani yangu huyu, na hii ya saba ameioka mjukuu wangu, na kwamba mchango wangu wote kwa sanaa ya kuoka ni keki moja iliyopinda kisu.

Binti yangu akaanza kucheka. Kisha wote. Kumbe wanajua. Binti yangu amejua tangu mwaka wa pili, alipokuta sindano ya kushonea chini ya keki. Shemeji alijua tangu wa kwanza, maana alinitembelea asubuhi ile na oveni yangu ilikuwa imejaa magazeti. Hakuna aliyenisema. Mshonaji alicheka mpaka akafuta macho kwa leso, akanipa mkono, akasema sasa ninaweza kwenda popote. Binti yangu alinibusu paji la uso. Hakimu akatangaza kwamba mshtakiwa ameachiwa huru. Wakanipigia makofi.

Sijawahi kupigiwa makofi kama yale. Nilijisikia mwepesi. Nilikuwa bado nimesimama, jambo la pili liko ulimini, na nilikuwa navuta pumzi ya kulianza, pale shemeji aliponyanyuka.

Aliomba radhi kwa kunikatiza. Akasema si rahisi kwa mtu wa umri wangu kukubali kosa mbele ya watoto, nami nimewaonyesha njia. Kwa hiyo na yeye asizeeke na lake. Akamgeukia binti yangu. Akasema ile supu, yeye kwa kumbukumbu yake ilikuwa ya viazi, na ataendelea kuikumbuka hivyo. Lakini mwiko alioutumia huenda uligusa ngano. Huenda sufuria haikuoshwa sawasawa. Amewaza miaka miwili, usiku na mchana, na haoni mlango mwingine ambao ngano ingepitia. Kwa hiyo ni yeye. Akasema, "Mjukuu wangu, nisamehe." Mtu aliyepanga vidonge miaka arobaini bila kukosea kimoja.

Hakimu akazunguka meza akamkumbatia kiunoni. Binti yangu akalia, akamwita mjomba wangu, mjomba wangu. Kisha nyuso zote zikanigeukia mimi, mkubwa wa meza, niliyekuwa bado nimesimama.

Nikafungua mdomo. Nikamwambia shemeji kwamba nimemsamehe kwa moyo mmoja, na kwamba mwakani alete supu.

Makofi yalikuwa makubwa kuliko yale ya kwanza.

Wamekwenda wote. Shemeji alibaki kuniangalia nikimeza vidonge, akanishukuru, mara mbili, akaenda zake amenyooka kama kijana. Ukimwona hivyo unajua kumwambia sasa kungekuwa ukatili. Ndivyo ninavyojiambia. Miaka miwili nilijiambia vumbi si unga.

Mwaka juzi keki ilikuja kutoka kwa mshonaji ikiwa na ufa katikati. Nilitaka ipendeze, na sukari ya unga sikuwa nayo. Nilichukua ngano kijiko kimoja, nikaichekecha juu yake kwa kichujio cha chai.